Majina ya Krismasi

Misa haijaisha, Silvana alikuwa ameshasimama na ungo mlangoni pa kanisa la kijiji cha Kate. Watu walipotoka walitumbukiza vikaratasi vyao humo, kama kila Krismasi. Mumewe, Eustaki mpiga gitaa, alikuwa na wimbo mmoja ambao Ufipa nzima iliungoja kuliko wali. Aliita majina ya walio mbali, na kwa kila jina uwanja wote huitikia, wanaomjua mwenye jina wakipaza zaidi, "Aje tule!" Waliokufa hawakuitwa. Aliyefiwa alikuja mwenyewe kusema, mtoe kwenye wimbo.

Getruda, jirani yake, alileta karatasi yenye jina la mumewe. "Mwambie shemeji aliimbe kwa nguvu, dada. Simu zangu hapokei, labda gitaa atalisikia."

Wanawake wakacheka. Silvana naye akacheka, maana ilikuwa rahisi kuliko kusema neno.

Jina la kwanza siku zote lilikuwa la Vicent, mwanawe. Wimbo wenyewe ulizaliwa mwaka ule Vicent aliposhuka ziwani, Kabwe, kuvua, akashindwa kupanda kuja kula sikukuu. Sasa ilikuwa wiki ya tatu tangu mtumbwi aliovulia ukutwe umepinduka ziwani. Eustaki alikwenda huko akakaa siku tisa, akarudi akasema, "Hawajamwona." Basi. Silvana hakumchimba. Kutoonekana si kufa, alijiambia, akawa anajiambia hivyo hata akichota maji.

Alimkabidhi mumewe ungo. "Baba Vicent, utamwita?"

Eustaki aliendelea kukaza uzi wa gitaa uliokwisha kukazwa. "Nitaimba, mama."

"Kuimba sikukuuliza."

Manyunyu yalikuwa yameanza, lakini uwanjani mbele ya kanisa hakuna aliyeondoka. Eustaki akasogelea kipaza sauti, akaanza na Isdori wa Mbeya. Akaitwa Rahel, akaitwa mume wa Getruda, na uwanja ukaitikia kila mara. Majina yakaisha. Eustaki akarudi kwa Isdori, akazunguka yote tena, kisha tena.

"Leo mzee kanoga," mtu alisema, na wachezaji wakaongeza vumbi ambalo lilishakuwa tope.

Silvana peke yake ndiye aliyeona. Mumewe alikuwa anazunguka shimo lililoachwa na jina la Vicent. Kulipita hawezi, kuingia hawezi.

Akakaza kitenge kiunoni, akapita katikati ya wachezaji mpaka kwenye kipaza sauti.

"Vicent yuko Kabwe!"

"Aje tule!"

Uwanja mzima uliitikia, na kwa pumzi moja Silvana alikuwa na mtoto. Halafu akatazama kwenye lori lililoegeshwa pembeni. Wavuvi wa Kabwe walikuwa wamepanda nalo asubuhi, pamoja na Leonidas, mwenye ule mtumbwi. Majina mengine yote walikuwa wameyaitikia mpaka mishipa ya shingo ikawatoka. Sasa walikuwa kimya.

Akawageukia wao. "Vicent yuko Kabwe!"

Wanawake wakaitikia. Leonidas alikuwa amevua kofia, anatazama viatu vyake.

"Leonidas, baba," Silvana alisema, na kipaza sauti kikalipeleka neno lake mpaka nyuma kabisa. "Wewe unamjua. Itikia."

Uwanja ukatulia. Gitaa liliendelea kidogo, likafifia, maana Eustaki alikuwa ameinamisha kichwa juu yake.

"Tulimwona, mama," Leonidas alisema. "Siku ya nane mzee akiwa nasi. Hakuwa wa kumpandisha huku, tukamzika pale pale. Mzee alituomba tumwachie akwambie mwenyewe, sikukuu ikishapita."

Silvana hakumtazama mumewe. Alishika kile chuma cha kipaza sauti kwa mikono yote miwili, kama mtu anayezuia mlango usifungwe.

"Vicent yuko Kabwe," akaita.

Hakuna aliyeitikia. Hata Getruda alikuwa ameziba mdomo kwa upande wa khanga. Manyunyu yalikuwa yanapiga ungo wa vikaratasi pale chini.

"Aje tule," Silvana akajiitikia mwenyewe, akavuta pumzi, akaanza kuita tena.