Maswali ya Mshona Makoti

Nilikuwa nabandika mkono wa kushoto wa koti kwa pini, na wifi yangu, mke wa kaka, amekaa mkabala nami, karatasi za hospitali mapajani. Vidole vyangu viwili havihisi pini sawasawa, kwa hiyo navisaidia kwa macho.

"Nisomee tena ya vidonge."

"Kila siku, nyumbani. Dripu ni mara mbili kwa mwaka, hospitali. Ina nguvu zaidi, ila inashusha kinga, unaambukizwa upesi. Mimi nasema vidonge. Lakini wewe, wifi, hata chumvi unasahau kutia."

"Nasahau ukiwepo. Huninyamazii."

Nina mwaka wa pili na maltipo sklerosisi. Kinga ya mwili, iliyowekwa inilinde, inabambua ala inayofunika mishipa ya fahamu. Mwezi uliopita iliupiga mkono wa sindano. Pigo jingine kama lile, nitafunga kibanda changu cha kushonea.

Hofu hiyo ndiyo niliyompelekea daktari asubuhi, pamoja na maswali ninayomuuliza kila mteja kabla sijashika mkasi: nguo utaivaa wapi, mara ngapi, nani atakufulia. Nikayauliza kwa kila dawa. Daktari akaweka kalamu chini, akajibu moja moja bila haraka. La kufua, yaani nani atanisindikiza na kunitazama nikidhoofika, wifi alimtangulia kulijibu: "Mimi. Nani mwingine atamvumilia?"

Hapo nikafanya kosa la fundi. Kwetu kilichochanika hutiwa kiraka.

"Basi hiyo kali itanirudishia vidole."

"Hapana, mama," alisema daktari. "Zote mbili zinapunguza mashambulizi mapya. Kilichokwisha kuumia hazikirudishi."

Kisha akageuza kioo cha kompyuta, nikaona ubongo wangu. Ulikuwa wa kijivu, wenye mikunjo mingi kuliko marinda yoyote niliyowahi kupiga pasi, na madoa meupe humo ndani. Akagusa moja.

"Hili ni la zamani. Unakumbuka lilikusumbua lini?"

Sikukumbuka.

"Huenda hukulihisi kabisa. Ubongo ulitafuta njia ya kupitia pembeni."

Nilikisogelea kioo nikalitazama lile doa. Miaka ishirini najisifia mshono usioonekana. Kumbe kazi kama ile imefanyika kichwani mwangu, pengine siku nikigombana na kola ya mtu, wala sikuombwa hata kushika taa.

"Ila ubongo hauna njia za pembeni zisizokwisha," aliongeza daktari taratibu.

Sasa, hapa kibandani, nikatoa pini mdomoni.

"Dripu," nikamwambia wifi.

"Na maambukizi?"

"Nimeyasikia. Nitachanjwa kwanza, na wenye mafua nitawakimbia, ukiwemo wewe. Lakini njia zilizobaki nataka kuzilinda kwa kilicho na nguvu."

Alikunja karatasi polepole. "Kupimwa damu ni kesho saa mbili. Nitakupitia."

Mkono wa kulia wa koti ulikuwa bado mezani. Nikaulaza juu ya mwenzake, ungoje nikitoka kupimwa, nikafunika cherehani.