Mkono wa Gauni

Chuo kilipofunga darasa la ushonaji na kuhamishia masomo mtandaoni, mwalimu aliambiwa atengeneze kozi nzima ya video. Somo la kushona mkono wa gauni alilirekodi, akalifuta, akalirekodi tena mpaka sauti ikamkauka. Siku ya kipindi cha moja kwa moja, wanafunzi wote walikuwa miraba myeusi kwenye skrini.

"Mmeelewa?"

Hakuna aliyewasha kamera. Alijiona anampigia mbuzi gitaa.

Kisha zikaja picha za kazi zao. Karibu mikono yote ilikuwa imeshonwa kinyume. Mwalimu akalaza kichwa juu ya cherehani, akalia.

"Mdogo wangu, mimi nimekwisha," alimwambia mdogo wake kwa simu. "Darasani ningeliona kosa kabla sindano haijashuka."

"Si uwaombe basi wakuonyeshe?"

Kesho yake aliwaomba waelekeze simu kwenye vitambaa, nyuso wasijali. Wengi wakatoka bila kuaga. Mmoja tu akawasha kamera, na vidole vyake vikaonekana vikiweka mkono wa gauni kinyume juu ya kitambaa chekundu.

"Hapo hapo, mwanangu, usishone," mwalimu alisema. "Geuza kwanza."

"Hivi, mwalimu?"

"Hivyo hivyo."