Kiitikio cha Mafundi Magodoro

Bibi na Babu walizeeka wakishona magodoro. Wakati wa kupiga pamba kwa fimbo ili iumuke, Bibi alikuwa akiita kwa wimbo, "Nani atalala hapa?" na Babu akiitikia, "Aliyechoka, alale."

Tangu kiharusi kimshike, Babu hajatamka neno. Hushinda kitini kando ya cherehani, macho kodo, na Bibi hupiga pamba peke yake, kimya kimya. Muuguzi alisema huenda sauti ikarudi, huenda isirudi. Bibi angetoa chochote asikie japo neno moja, hata likiwa tusi.

Siku moja mjukuu wao wa kike alirudi kutoka shuleni na swali.

"Bibi, kiitikio ni nini? Wenzangu wanasema ni pale kwaya nzima inapopiga kelele."

"Kwaya yenu hiyo!" Bibi akacheka. "Ukiitwa, unafanyaje?"

"Naitika."

"Na ukiitika kwa aliyekuita, umemwitikia. Neno limetoka huko. Kiitikio hakijianzishi chenyewe, mama, lazima kwanza mtu aitwe."

Alipolisema hilo, fimbo ikamganda mkononi. Miezi yote hii amekuwa akimuuliza mumewe: unaumwa? una njaa? nikuwekee mto? Kumwita kwa wimbo, hakuwahi hata siku moja.

Akainua fimbo. "Nani atalala hapa?"

"Aliyechoka, alale!" mjukuu akadakia.

"Nyamaza, mke mwenzangu! Nani kakuita wewe? Unanipokonya mume mchana kweupe?"

Mtoto akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Bibi akaita tena, kisha akaacha nafasi ya Babu wazi, fimbo ikienda taratibu. Babu aliitazama pamba tu. Akaita tena. Midomo ya Babu ikacheza, isitoe kitu. Bibi hakumharakisha. Akaita tena na tena, mpaka sauti ikatoka, imekwaruza, imepinda upande kama mdomo wenyewe:

"Aliye... choka... lale."

Bibi akataka kuendelea, akashindwa. Machozi yakamtiririka, nyuzi za pamba zikamganda mashavuni. Fimbo ikasimama.

Babu akakunja uso. Akagonga kiti kwa mkono wake mzima, ko, ko, ko, vile alivyokuwa akimsukuma kazini enzi zao.

"Haya, haya, mume wangu," Bibi akasema, akipenga kamasi kwa ncha ya kanga. "Nakuita."