Mjane wa Nani

Eti, "Mbona kwangu hampiti, au aliyenifia mimi alikuwa mume wa jirani?" Ndivyo wifi alivyosema, na huyu mama wa kanisa amelileta neno lenyewe jinsi lilivyo, huku amempakata bibi mguu wa kushoto mapajani anamkata kucha, wa kulia bado umo kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, sasa mtu umeshikwa mguu hivyo utakimbilia wapi... "Ana mdomo huyo, tangu anaolewa," bibi akasema, na mama wa kanisa akacheka, "Mdomo anao, bibi, miguu ndiyo hana, mwaka wa pili huu havuki kizingiti," akainamia kidole gumba, kucha ngumu kama pembe, kach, kipande kikarukia uvunguni. Mwaka wa pili! Na bibi alidhani mwenzake anaringa, kila akiambiwa wifi haonekani kanisani alisema moyoni, aringe tu... "Sisi tulifuata neno lako, si unajua utaratibu wetu, mkubwa wa familia ndiye tunayemuuliza nani mjane na nani siye," ndiyo, walimuuliza, hapa hapa, wakati huo bado anajitekea maji mwenyewe, wakasema tunaanza kuwapitia wajane majumbani, je, wifi yako tumwandike, naye akajibu mbio mbio kama anayefukuza kuku jikoni, mjane wa nani, huyo alimwacha kaka yangu angali hai, wakafunga daftari, neno moja tu, miaka sita, miaka sita bila mtu wa kumwimbia wala kumsugua mgongo, na kucha za miguu jamani, ukizeeka ndizo zinazokuambia uko peke yako, unaziona kule chini na huzifikii, na wifi hakujaliwa mtoto, sasa nani anamkata... Alimwacha. Amelisema mara ngapi, kwa wapwa, kwa majirani, kwa mchungaji, mpaka mwenyewe akaliamini, na kumbe kaka alipougua ni yeye aliyekwenda kumchukua, nipe ndugu yangu nimuuguze, wewe hata uji unakushinda, na wifi akawa anakuja kila asubuhi na uji wake kwenye chupa ya chai, anabisha, anajibiwa dirishani, amelala, njoo kesho, kesho tena njoo kesho, hadi akamwambia usije kabisa, unamchosha mgonjwa, na kesho yake kweli hakuja, na hiyo kesho ndiyo kaka aliyofia, basi akaishika siku hiyo moja akaitembeza mji mzima, mnaona, hata siku ya kufa hakuwepo... na alasiri ile kaka, macho yameshaingia ukungu, akanyoosha mkono akipapasa... "Maji yanapoa, bibi, niongeze ya moto?" "Acha." "Nimekuumiza?" "Hujaniumiza wewe," na kidole cha pili, kach, cha tatu, angekata polepole basi, vimebaki vichache na mguu mwingine, na mguu ukiisha huyu atafunga mkoba wake aende kwa wengine walioandikwa... "Ukitoka hapa unaweza kupita kwa wifi?" "Hayumo kwenye daftari, bibi." "Mtie. Ni mjane. Mjane wa kaka yangu, nani mwingine!" Mama wa kanisa akaacha kukata, mguu bado kaushika, "Nimwambie unamsalimu?" Salamu! Salamu za nini, atamrushia salamu kama mtu waliyepishana jana sokoni? "Si salamu. Mwambie hivi, siku ile mumewe alimwita. Alipapasa akasema, mke wangu, umekuja? Mwambie alimwita yeye, na mimi ndiye niliyeitika."