Albamu ya Tatu ya Gugumaji

Obeid na mdogo wake Hadiya walianzisha bendi ya Gugumaji katika chumba cha nyuma cha nyumba ya mama yao, Zeituni, kule Nyamasaria. Obeid alipiga gitaa na kutunga nyimbo, Hadiya akaimba, na rafiki yao Gordon, mzaliwa wa Ahero, akapiga ngoma. Watu waliwauliza roki ni muziki wa nani katika Kisumu hii ya benga na rumba. Obeid aliwajibu kwa kuongeza sauti.

Albamu ya kwanza ilikuwa ya hasira. Waliimba juu ya stima kupotea kila wakati, juu ya vijana waliomaliza chuo na sasa wanashinda wamekalia pikipiki wakingoja abiria, juu ya askari wanaomwaga nyanya za akina mama barabarani. Gitaa lilinguruma chini kwa chini, zito, kama lori lililopakia mawe. Obeid mwenyewe ndiye aliyezichanganya sauti zote kwenye kompyuta, na hakuna aliyemwingilia, maana masikio yake yalikuwa ya ajabu. Gordon akigusa toazi, ile sahani ya shaba ya ngoma zake, vibaya hata kidogo, wimbo ulisimamishwa.

Kisha mto ukafurika Ahero. Maji yaliingia nyumbani kwa kina Gordon, na mama yake, Benta, akahamia katika darasa la shule pamoja na majirani na kuku wao. Albamu ya pili ilitoka katika maji hayo. Nyimbo zilikuwa ndefu, za polepole, zenye maneno machache, na Hadiya aliimba kuhusu mpunga uliooza na kitanda kilichoelea. Ila gitaa lilikuwa limebadilika. Lilikuwa jembamba, kali, linakata. Mtangazaji mmoja wa redio alilisifu sana, akasema Gugumaji wamepata sauti ya mtu aliyelowa mpaka mifupani. Hadiya aliamini kwamba ndivyo kaka yake alivyokusudia.

Walipoanza ya tatu, Obeid hakutaka tena kuandika juu ya mji wala mafuriko. Nyimbo zote zilikuwa za ndani ya nyumba: mtu anayeitwa na haitiki, mlango uliobishwa bila kufunguliwa, ndege walioacha kulia asubuhi.

"Hawa ndege walienda wapi?" Hadiya alimuuliza.

"Walinyamaza tu," Obeid alisema, akaigeukia kompyuta.

Siku ya kuchanganya sauti, Gordon alivumilia nyimbo mbili, kisha akavua hedifoni.

"Omera, ndugu yangu, haya matoazi yananiumiza. Punguza."

"Nikipunguza yatapotea."

"Yapotee wapi? Yananitoboa kichwa! Na hilo gitaa ni kama msumari kwa bati."

"Gordon, anayechanganya hapa ni mimi."

Gordon alitoka na kuubamiza mlango. Hawakuwahi kugombana hivyo. Muda si mrefu stima ikapotea, na kisanduku kinachohifadhi umeme wa kompyuta kikaanza kulia: pii, pii, pii, mlio mwembamba unaochoma. Hadiya aliziba masikio akingoja Obeid akizime, kwa kuwa kilikuwa kando ya goti lake. Obeid aliendelea kutazama skrini.

"Obeid, zima hiyo kitu."

"Kitu gani?"

"Si inalia!"

Obeid alitazama dirishani. Akatazama sakafuni, kisha mlangoni, na mwisho akamtazama yeye usoni, kama mtoto aliyeulizwa swali darasani na hajui hata somo ni lipi. Kisanduku hakukitazama. Hadiya aliinama akakizima mwenyewe.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu ile ya pili. Usimwambie Mama."

Hadiya akamweleza Gordon, na kliniki wakaenda wote watatu. Gordon alikaa nje akijilaumu. Daktari alikuwa mwanamke mpole. Aliwaonyesha mchoro wa mstari ulioanza vizuri, kisha ukaporomoka.

"Chembe za kusikia ndani ya masikio zimekufa, Bwana Obeid. Sauti nyembamba za juu zimeenda, na hizi nzito za chini zitafuata. Kuna kifaa kitakachokusaidia watu wakiongea nawe."

"Na gitaa?"

"Ukipumzisha masikio, tunaweza kuchelewesha kidogo. Kurudisha, hatuwezi."

Walipofika nyumbani, Obeid aliwaambia wampelekee nyimbo Debra, fundi wa sauti waliyemwamini. "Fanyeni mnavyosikia nyinyi," alisema. Debra alizilainisha. Gitaa likawa la upole, matoazi yakatulia, sauti ya Hadiya ikapata nafasi. Gordon aliposikiliza alilia. Hadiya akamvisha Obeid hedifoni, akabonyeza.

Obeid alifumba macho. Baadaye akayafumbua.

"Gitaa liko wapi?"

"Liko, Obeid. Liko wazi kabisa."

"Mimi nasikia ngoma tu. Rudisha vile ilikuwa."

"Watu hawataweza kuisikiliza."

"Na mimi?"

Kulikuwa na albamu moja ambayo kaka yake angeweza kuisikia, na nyingine ambayo dunia ingeweza kuivumilia. Hakuna aliyejua namna ya kuzifanya ziwe moja, hata Debra. Walitoa ile ya Debra. Watu waliipenda kuliko zote. Walisema Gugumaji wamekomaa, wamejifunza upole. Obeid alimsomea mama yake sifa hizo kutoka kwenye simu yake.

"Wanasema gitaa ni tamu, Mama."

Mama Zeituni, ambaye kufikia hapo alikuwa ameshaambiwa, alimshika bega.

Sasa wanafanyia mazoezi albamu ya nne. Obeid ameacha gitaa, anapiga besi, kiganja chake kimoja kikigusa spika kila anapopumzika. Hakuna aliyethubutu kumwambia aache muziki. Juzi alimsimamisha Hadiya katikati ya ubeti.

"Sikupati. Shuka kidogo."

Hadiya alishuka, sauti ikawa nzito zaidi.

"Tena."

Gordon aliacha ngoma, akainamisha kichwa. Hadiya alivuta pumzi, akashuka mpaka koo likakwaruza na sauti ikamkatikia. Hakuwa na chini zaidi ya hapo. Obeid alikuwa amelisogeza sikio, uso umemjaa matumaini.

"Karibu nikupate," alisema. "Shuka kidogo tu."