Kidole Kisichosomeka

"Weka ingine," Moffat, karani wa bima, alisema bila kuinua macho.

Bibi Ngendo akabandika kidole cha tatu kwenye mashine ya alama za vidole. Taa nyekundu. Alikuwa kwenye dirisha la bima la hospitali moja ya Nyeri tangu saa mbili asubuhi, ameshikilia ukingo kwa mkono wa kushoto ili mgongo usimwangushe. Saratani ilikuwa ndani ya uboho, inamla mifupa. Na kule zahanati ya Tetu walimwambia miaka miwili mizima kwamba ni uzito wa kikapu cha kuchumia chai tu, wakampa vidonge vya maumivu. Miaka miwili, jamani!

Daktari aliyeigundua hakumficha. "Zamani tungekuambia uende nyumbani ujitayarishe. Siku hizi kuna sindano, mama, watu wanaishi miaka mingi. Lakini usikose hata wiki moja. Uti wa mgongo ukivunjika, hutatembea tena."

Alishakosa wiki mbili. Sindano zipo, muuguzi, Sista Beth, alimwonyesha akaziona kwa macho yake, zimepangwa kwenye friji. Bima imekubali. Kilichobaki ni mashine ikiri kwamba Ngendo ni Ngendo.

"Shosho, vidole zako haziko na mistari. Pumzisha mikono. Usishike majani chai hata mwezi moja."

"Sijashika tangu Januari, kijana yangu. Nimechuna miaka arobaini. Hiyo mistari iliishia huko." Akasukuma kitambulisho chini ya kioo. "Si hii ni uso yangu?"

"Uso hatusomi."

"Moffat, si mimi ni jirani ya mama yako?"

"Mimi nakujua, shosho. Mashine ndiyo haikujui."

Hata hivyo alimhurumia, akafungua droo. Kulikuwa na fomu ya watu wasiosomeka vidole. Ngendo akamshukuru Mungu kwa sauti. Moffat akaijaza yote, kisha akaigeuza na kumsogezea wino.

"Weka kidole gumba hapa chini."

Ngendo alitaka kulia, kikatoka kicheko. Akaweka. Doa jeusi, halina mstari hata mmoja. Akarudia pembeni. Doa. Wakaendelea hivyo mpaka nafasi ikaisha.

"Sasa imechafuka," Moffat alisema, akaitupa. "Fomu zingine zinaletwa Alhamisi. Songa basi, shosho, wengine wapite."

Ngendo akajaribu kusonga. Miguu haikumsikia.