Gogo la Mwisho

“Mama Flavian, hivi hao wanao wakikutana stendi wanasalimiana?”

Jirani yangu Klementina aliniuliza hivyo tukipepeta ulezi uani kwangu. Nilipeperusha makapi tu, naye akaelewa, maana Klementina ana mdomo lakini hana roho mbaya.

Hawakuwa wakisalimiana. Flavian, mkubwa, alikuwa akinunua dagaa Kasanga na kuuza Sumbawanga mjini, tangu biashara ilipofunguliwa kwa kila mwenye mtaji. Kalisti, mdogo, alisoma mpaka chuo kikuu, akapata kazi Dar es Salaam katika kampuni ya mtu binafsi ya kutengeneza programu za kompyuta. Wote nimewazaa mimi, na kilichowatenga ni kaseti.

Marehemu mume wangu, Wilibrodi, alipougua koo, Kalisti alikuja likizo na redio kaseti. Akamrekodi baba yake faraghani, kabla sauti haijakatika. Mzee alitaka tuisikilize akishaondoka, si kabla. Kaseti ikabaki kwa Kalisti, nami nikangoja.

Katika ukoo wa mume wangu msiba una utaratibu wake. Mbele ya kibanda cha matanga huwashwa moto, na kila anayekuja kulala msibani anaingiza gogo lake. Koti la marehemu hutundikwa kwenye nguzo ya kibanda. Ukiwa na kitu chake, usimkabidhi mtu yeyote. Unakirudisha mwenyewe mfukoni mwa koti. Kisha unachomoa gogo lako, unakwenda zako kimya, maana msibani hatuagani. Kwa hiyo anayebaki haangalii nani yupo, anaangalia magogo. La mwisho ni la mtoto mkubwa. Akiona limebaki lake peke yake, anatoa vilivyomo kwenye koti, anakichoma kibanda na koti lenyewe, na msiba umekwisha.

Mimi mjane nilikuwa ndani, nimejifunika shuka. Nilisikia tu nyasi zikishika moto.

Baadaye nikaomba kaseti. Flavian akasema hakuikuta. “Nimepekua mifuko yote, mama, kwa mkono wangu huu.” Kalisti, kwa simu ya posta, akaapa kwamba aliiweka kwanza mfukoni mwa koti, ndipo akachomoa gogo lake awahi basi la Mbeya. Flavian akamwita mwizi, kwamba kaseti ameondoka nayo. Kalisti akamwita mwongo, kwamba ameichoma makusudi kwa wivu, kwa kuwa baba aliuza maksai ili mdogo asome. Maneno kama hayo yakishatoka hayarudi kinywani. Wakanuniana, mvua zikaja zikapita, zikaja tena.

Niliwasalia rozari kila jioni wapatane. Lakini ndani yangu mlikuwa na kitu ambacho sikumwambia hata Klementina. Kama Flavian alisema kweli, basi kaseti ilikuwa Dar, chini ya nguo kwenye sanduku fulani, na sauti ya Wilibrodi bado ipo duniani. Nani anataka mwanawe awe mwizi? Sikutaka. Ile sauti ndiyo niliyoitaka.

Halafu mwaka mmoja, mahindi yakiwa yamekwisha kuvunwa, Kalisti akashuka kwenye basi bila taarifa. Akaniomba nimwite kaka yake. Flavian alikuja, akakaa karibu na mlango, kofia kichwani. Nilipika ugali wa ulezi na dagaa alizoleta mwenyewe, nikawatengea sahani moja, kama walipokuwa wadogo.

“Shikamoo, kaka.”

“Marahaba. Dar wamekuchoka?”

“Bado. Kaka, nimekuja kwa sababu ya kompyuta.”

“Mama, umesikia? Hakuja kwa ajili ya mama yake. Katumwa na kompyuta!”

Hata mimi nilicheka kidogo. Ulikuwa muda mrefu sijamsikia akimtania mdogo wake.

“Nisikilize,” Kalisti akasema. “Kwenye programu zetu kuna kitu kimoja kinatumiwa na wengi. Kinawekewa hesabu ya wanaokitumia. Kila anayemaliza anapunguza moja. Atakayekuta imefika sifuri, ndiye wa mwisho, anakifuta.”

“Kama magogo,” nikasema.

“Kama magogo, mama. Sasa ikawa programu yangu inafuta kazi ambazo mmoja wa hao wanaokitumia katoka kuziandika sasa hivi. Wiki nzima shwari, halafu ghafla inapoteza. Bosi akaanza kunitazama vibaya. Nikakagua hesabu mpaka macho yakauma, na hesabu ilikuwa sahihi.”

“Sasa?” Flavian akauliza. Alikuwa ameshasogea karibu na sahani.

“Mashine ina prosesa mbili, ni kama watu wawili kazini. Mmoja anaandika kwanza, ndipo anapunguza hesabu. Mwingine anaiona hesabu imeshuka. Lakini yale yaliyoandikwa alishayatazama zamani kidogo, na anaendelea kuamini alichokiona wakati ule. Anafuta. Hajamdanganya mtu, kaka. Wala yule wa kwanza hajamdanganya mtu. Dawa yake, anayeondoka amalize kila kitu kabla ya kupunguza. Na wa mwisho, akishaiona sifuri, atazame upya, ndipo afute.”

Akafuta jasho, na kwetu huku ni baridi.

“Nilipoliona hilo nikakukumbuka. Nilikuita mwongo. Hukuwa mwongo. Mtu anaweza kupekua kwa haki na asione kitu. Nimekuja kukuomba msamaha, kaka. Mbele ya mama.”

Flavian akamsukumia sahani. “Kula, bwana Dar. Umekonda.”

Wakala. Vidole vyao vilikutana kwenye ugali. Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo, nikainuka niongeze mboga.

Niliporudi, Flavian alikuwa ameshika tonge, hajalipeleka kinywani.

“Mimi lile koti nililipekua asubuhi,” akasema taratibu, kama anayejisemea. “Kabla sijaenda kukata nyasi kavu za kuwashia. Gogo lako lilikuwepo.”

“Najua, kaka.”

“Niliporudi halikuwepo. Limebaki langu tu. Nikawasha.”

Kalisti aliinamisha kichwa.

“Koti sikulipekua tena,” Flavian akasema. “Nilikuwa nimeshalipekua.”

“Yeyote angefanya hivyo. Hata mashine…”

“Kwa hiyo kaseti ilikuwamo.”

Nilitaka Kalisti adanganye. Namwomba Mungu kila siku kweli itawale nyumba yangu, na saa ile nilitaka mwanangu adanganye. Mkononi nilikuwa na bakuli la mboga, likawa zito.

“Ilikuwamo, kaka.”

Basi nikazisikia tena zile nyasi zikishika moto, kama nilivyozisikia chini ya shuka, ila sasa nilijua mlikuwa na nini ndani. Hakukuwa na sanduku Dar. Sauti ya mume wangu iliungua hatua chache kutoka nilipokuwa nimelala.

Flavian alilirudisha tonge pembeni mwa sahani, akalilaza vizuri. Akanawa. Akanitazama, na mimi ninayemjua tangu akiwa tumboni nikainama kuliweka bakuli chini.

“Kaka, kaa,” Kalisti akasema. “Kaka, sikuja kwa ajili ya hilo.”

Flavian alivua kofia, kama tunavyovua tukipita makaburini. Akafungua mlango, akatoka.